Mwaka 1858: Michezo ilipoingia daftarini, na wapiga kafi wa Tanganyika waliobaki nje

Tarehe 27 Machi 1858, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwashinda wenzao wa Oxford katika mbio za mashua kwenye Mto Thames, jijini London. Matokeo yaliandikwa siku hiyohiyo: dakika 21 na sekunde 23, kwa tofauti ya urefu wa mashua 22. Majina ya waliokaa katika kila kiti, pamoja na ya washika usukani, yanasomeka hadi leo.

Siku mbili baadaye, tarehe 29 Machi, Mwingereza John Hanning Speke alirejea Ujiji, kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, baada ya kulivuka ziwa hilo kwa mtumbwi kwenda na kurudi. Waliopiga kafi kumvusha na kumrudisha hawamo katika daftari lolote la michezo.

Juma la pili la Aprili, mitumbwi mingine miwili iling'oka Ujiji kuelekea kaskazini. Ilifuata pwani ya Urundi, ufuo ambao leo una miji ya Nyanza-Lac na Rumonge. Safari hiyo ilidumu zaidi ya mwezi mmoja, na kwa kipimo chochote cha nguvu, subira na mpangilio wa kikosi, ilizidi kwa mbali zile dakika 21 za Thames.

Mwaka 1858 unatajwa mara kwa mara katika historia ya michezo ya ushindani. Ni mwaka ambao kanuni, vyama, viingilio na matokeo ya magazeti vilianza kuifanya michezo ya watu wachache kuwa shughuli ya umma. Makala haya yanaeleza yaliyotokea mwaka huo duniani, yaliyokuwa yakiendelea kwenye ufuo wa Burundi, na jinsi pengo kati ya pande hizo mbili lilivyokuja kuamua, zaidi ya karne moja baadaye, nani aruhusiwe kusimama kwenye mstari wa kuanzia.

Mwaka wa kanuni na kalamu

Watu walishindana kukimbia, kupigana mieleka, kurusha mikuki na kuendesha vyombo vya majini muda mrefu kabla ya karne ya 19. Kilichobadilika katikati ya karne hiyo ni namna mashindano yalivyoratibiwa. Reli iliwawezesha wachezaji wa mji mmoja kusafiri hadi mji mwingine na kurudi. Simu ya maandishi ilipeleka matokeo kwa saa chache. Magazeti ya bei nafuu yalipata wasomaji waliotaka kujua nani kashinda, na kwa kiasi gani.

Lakini ili timu za miji miwili zishindane, sharti zikubaliane kwanza juu ya kanuni. Mjini Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, klabu ya soka iliyoanzishwa Oktoba 1857 ilipitisha kanuni zake za maandishi Oktoba 1858. Klabu hiyo, Sheffield FC, ingali hai na inatambuliwa kuwa klabu kongwe zaidi ya soka duniani.

Mji huohuo uliupa ulimwengu wa michezo neno ambalo watangazaji wa soka wa Afrika Mashariki hulitamka karibu kila wiki. Septemba 1858, mchezaji wa kriketi H. H. Stephenson aliangusha wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo. Mashabiki walichanga fedha wakamzawadia kofia, na tangu hapo "hat-trick" ikawa jina la ufanisi wa mara tatu. Mshambuliaji anayefunga mabao matatu leo mjini Bujumbura, Kigoma au Dar es Salaam anarithi, bila kujua, kofia ya Sheffield.

Nchini Marekani, mwaka huo ulikuwa wa besiboli. Klabu zilijiunga katika chama chao cha kitaifa. Mwezi Julai, wachezaji teule wa New York na wa Brooklyn, ambayo wakati huo ilikuwa mji wa peke yake, walianza mfululizo wa mechi tatu katika uwanja wa mbio za farasi, na watazamaji walilipa kiingilio. New York ilishinda mechi mbili kati ya tatu. Mchezo ulikuwa umeanza kuwa bidhaa.

Katika mifano yote hiyo, kalamu ilikuwa karibu na uwanja. Palikuwapo mtu wa kuandika kanuni, mtu wa kuhesabu, na mtu wa kuchapisha. Mchezo ulipomalizika, ulikuwa tayari umeanza maisha ya pili katika karatasi.

Mitumbwi miwili kwenye pwani ya Urundi

Kalamu ilifika Ziwa Tanganyika mwezi Februari mwaka huohuo. Richard Francis Burton na Speke, waliotumwa na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kutafuta maziwa ya ndani ya Afrika, waliliona ziwa hilo tarehe 13 Februari 1858, baada ya safari ya miezi mingi kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Hawakuwa wageni wa kwanza. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wakifika Ujiji kwa takriban miaka 20, na njia ya misafara waliyoifuata Waingereza hao ilikuwa njia yao.

Burton mwenyewe alikuwa na kisa na michezo. Mwaka 1842 alifukuzwa Chuo Kikuu cha Oxford baada ya kuhudhuria mbio za farasi za kuruka viunzi, kinyume cha amri ya chuo. Alikuwa bingwa wa kutumia upanga, na baadaye aliandika kitabu kizima kuhusu silaha hiyo. Huyu alikuwa mtu aliyejua ushindani ni nini anapouona.

Hata hivyo, alifika ziwani akiwa hoi kwa maradhi, na Speke alikuwa haoni vizuri. Waingereza hao walikuwa wameambiwa kuwa kaskazini mwa ziwa upo mto mkubwa. Ikiwa mto huo ulitoka ziwani, basi huenda ndio uliokuwa mwanzo wa Nile. Ili kujua ukweli, walihitaji vyombo na watu wa kuvipeleka, na jambo hilo halikuwa mikononi mwao.

Lilikuwa mikononi mwa Kannena, mkuu wa Kawele, mtaa wa Ujiji walikoishi. Ni yeye aliyekubali au kukataa, aliyepanga ujira, na aliyeongoza safari. Malipo yalikuwa nguo, shanga na waya za shaba, fedha za ziwa kwa wakati huo. Mtumbwi mkubwa kati ya miwili ulikuwa na urefu wa takriban mita 18, na wa pili ulikuwa mdogo zaidi. Yote miwili ilibeba makumi ya wapiga kafi, mizigo, chakula na abiria.

Mitumbwi ya aina hiyo ilichongwa kutoka kwenye magogo makubwa ya mvule yaliyokatwa Ugoma, upande wa magharibi wa ziwa. Kwa hiyo hata kabla ya kafi la kwanza kugusa maji, chombo chenyewe kilikuwa kimeshavuka ziwa mara moja.

Safari ilipita ufuoni, kituo kwa kituo, hadi mahali ambapo Burton alipaita Wafanya, bandari ya Urundi iliyokuwa bado wazi kwa wafanyabiashara. Kutoka hapo walivuka kwenda Ubwari, ambayo Burton aliidhania kuwa kisiwa, kumbe ni rasi ya nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tarehe 26 Aprili walifika Uvira, karibu na ncha ya kaskazini. Huko wenyeji waliwaambia kwamba mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Wapiga kafi walikataa kuendelea mbele zaidi. Tarehe 13 Mei mitumbwi ilikuwa imerudi Ujiji.

Kasia na kafi si kitu kimoja

Msomaji anayejua vyombo vya majini atakumbuka kwamba Kiswahili hutofautisha kasia na kafi. Kasia hufungwa au hushikizwa kwenye ubavu wa chombo, na anayelivuta huwa ameupa mgongo uelekeo wa safari. Kafi hushikwa mikononi bila kuegemezwa popote, na mpigaji hutazama mbele. Vijana wa Cambridge na Oxford walivuta makasia. Watu wa Kannena walipiga kafi.

Tofauti hiyo si ya msamiati tu. Mvuta kasia hahitaji kuona anakokwenda, kwa sababu yupo mshika usukani anayemwonea. Mpiga kafi wa Tanganyika alisoma maji kwa macho yake: wapi pana mwamba, wapi mawimbi yamebadilika rangi, wapi pepo za alasiri zimeanza kuinua povu. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Kwenye baadhi ya sehemu za ufuo wa Burundi, milima hushuka karibu hadi majini, na pa kukimbilia dhoruba inapoanza si pengi.

Ndiyo maana mitumbwi ilishikilia ufuo na kuchagua kwa uangalifu mkubwa mahali na saa ya kuvuka maji marefu. Burton aliona jambo hilo kuwa woga na alilalamika juu ya vituo vya kila mara, vya kula, kuvuta na kupumzika. Maelezo yake mwenyewe, hata hivyo, yanasimulia habari nyingine. Katika ziwa ambalo lingeweza kuwazamisha wote mara moja, abiria wawili wagonjwa walichukuliwa hadi Uvira na kurudishwa.

Alichokisikia zaidi ni sauti. Mmoja alianzisha wimbo, wengine wakaitikia kwa pamoja, huku pembe na ngoma zikisindikiza tangu asubuhi hadi jioni. Burton aliziona kelele hizo kuwa adha. Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye chombo kinachoendeshwa kwa mikono anajua kazi yake: wimbo ndio unaofanya makafi 30 yaingie majini kama kafi moja. Jijini London kazi hiyo ilifanywa na mshika usukani kwa sauti yake. Tanganyika ilifanywa na mwimbaji.

Aliporudi kwao, Burton alitunukiwa medali ya dhahabu ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia mwaka 1859. Speke alipata ya kwake mwaka 1861. Hata uvumbuzi, kwa namna hiyo, ulikuwa umegeuzwa kuwa shindano lenye washindi, medali na ugomvi wa nani alifika kwanza. Jina la Kannena limebaki kitabuni kwa sababu Burton alikosana naye mara nyingi. Orodha ya wapiga kafi wake, mtu kwa mtu na kiti kwa kiti, haikuandikwa.

Mwaka 1858 kwa tarehe

Yakipangwa pamoja, matukio ya mwaka huo yanaonyesha jinsi daftari mbili zilivyokwenda sambamba:

13 Februari: Burton na Speke wanaliona Ziwa Tanganyika.

27 Machi: Cambridge yaishinda Oxford kwenye Mto Thames.

29 Machi: Speke arejea Ujiji kutoka ng'ambo ya magharibi ya ziwa.

26 Aprili: Mitumbwi ya Kannena yafika Uvira baada ya kupita pwani ya Urundi.

13 Mei: Mitumbwi yarejea Ujiji.

20 Julai: Mechi ya kwanza ya besiboli kati ya New York na Brooklyn yachezwa mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio.

3 Agosti: Speke, akiwa na Sidi Mubarak Bombay, aliona ziwa ambalo alilipa jina la Malkia Victoria.

7 Agosti: Shule mbili za Melbourne, Scotch College na Melbourne Grammar, zaanza mechi ya wachezaji 40 kila upande. Mechi hiyo inahesabiwa miongoni mwa chimbuko la kandanda ya Australia. Iliendelea kwa siku tatu zilizoachana hadi Septemba, na hakuna aliyeshinda.

20 Oktoba: John Morrissey amshinda John Heenan katika pambano la ngumi lililofanyika Long Point, Kanada.

Oktoba: Klabu ya Sheffield yapitisha kanuni zake za soka.

Desemba: Mmarekani Paul Morphy amshinda Mjerumani Adolf Anderssen katika sataranji mjini Paris.

Ubao wa mashimo 32

Mechi hiyo ya mwisho inastahili kutazamwa kwa karibu. Morphy alishinda michezo saba, akapoteza miwili, na miwili ikaisha sare. Kila hatua ya kila kete iliandikwa. Mchezaji wa leo mjini Nairobi au Rumonge anaweza kufungua simu yake na kuirudia michezo yote 11 kana kwamba alikuwa amekaa pembeni ya meza.

Wakati huohuo, katika eneo la Maziwa Makuu, watu walicheza mchezo wa akili usiokuwa mwepesi kuliko huo. Warundi na Wanyarwanda huuita igisoro. Waganda wana omweso, na Waswahili wana bao. Igisoro lina safu nne za mashimo manane, jumla ya mashimo 32, na mbegu 64. Anayecheza vizuri hupiga hesabu ya mizunguko kadhaa kabla ya kuinua mbegu ya kwanza, na hufanya hivyo upesi, kwa sababu mpinzani na watazamaji hawana subira.

Hakuna mchezo hata mmoja wa igisoro wa mwaka 1858 unaoweza kurudiwa leo. Ubao ulipokusanywa mbegu zake, mchezo ulikwisha. Bingwa alikuwa bingwa kwa waliokuwapo, kisha kwa waliosimuliwa, kisha kwa wajukuu wa waliosimuliwa, mpaka jina likabaki bila mchezo au mchezo ukabaki bila jina.

Mfano kutoka nchi jirani unaonyesha kinachotokea kalamu na kamera zinapofika. Mwaka 1907, msafara wa Kijerumani ulioongozwa na Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulishuhudia nchini Rwanda mchezo wa kuruka juu, gusimbuka. Picha ilipigwa ya mrukaji akiwa juu ya kamba, huku Wazungu wawili wakiwa wamesimama chini yake. Wageni hao waliripoti kimo cha mita 2.50. Rekodi ya dunia ya kuruka juu iliyotambuliwa rasmi mwaka 1912 ilikuwa mita 2.00.

Vipimo hivyo viwili haviwezi kulinganishwa moja kwa moja, kwa kuwa mrukaji wa Rwanda alijirusha kutoka kwenye kituta kidogo au jiwe. Lakini mchezo huo haukuzaliwa mwaka 1907. Ulikuwapo kabla ya msafara huo, na kilichozaliwa mwaka huo ni ushahidi wake wa picha.

Ukaribu wa kalamu ulifuata pia ukaribu wa ikulu. Mutesa wa Kwanza wa Buganda alipoonyesha mitumbwi yake ya kivita mwaka 1875, Henry Morton Stanley alikuwa amealikwa kutazama, na gwaride hilo likaingia vitabuni. Burundi ilikuwa chini ya Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala tangu miaka ya 1850 hadi 1908, lakini makao yake yalikuwa kwenye milima ya kati, mbali na ziwa. Watu wa ufuo walishindana bila mfalme wa kuwatazama na bila mgeni wa kuandika.

Kumbukumbu iliyokatwa mara nne

Pasipo na daftari, midomo ya wazee hufanya kazi yake. Nchini Burundi mwanahistoria Jan Vansina alikusanya simulizi nyingi za aina hiyo na kuzichapisha mwaka 1972, na Mrundi Émile Mworoha aliandika historia ya falme za Maziwa Makuu akitegemea kwa sehemu kubwa masimulizi. Simulizi, hata hivyo, inahitaji kitu kimoja: watu wa kizazi kimoja waishi mahali pamoja na wa kizazi kinachofuata. Ufuo wa Rumonge haukupata bahati hiyo.

Mwaka 1879, Mapadri Weupe walifungua misheni Rumonge. Hao ndio waliokuwa wakazi wa kwanza wa eneo hilo waliokuwa na desturi ya kuandika shajara kila siku. Mei 1881 watatu kati yao waliuawa katika mgogoro na watu wa eneo hilo, na misheni ikafungwa. Kalamu ikaondoka tena.

Kisha yakaja mashambulizi ya misafara ya watumwa na pembe, hasa ya Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, ambaye nguvu zake zilitawala sehemu kubwa ya ufuo katika miaka ya 1880. Vijiji vilihamia milimani.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale uliingia katika nyanda za Imbo, ukanda wa tambarare unaopakana na ziwa. Wengi walikufa, na wakazi walihamishwa kutoka ufuoni ili kuwaepusha na mbung'o. Kijiji kinapohamishwa, uwanja wa mieleka hauhami nacho. Wala mtumbwi hauna kazi juu ya kilima.

Pigo la nne liko karibu zaidi. Mwishoni mwa Aprili 1972, maasi yaliyoanzia kusini, yakiwamo maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac, yalifuatwa na ukandamizaji ulioua Wahutu wengi kote nchini. Maelfu ya watu wa ufuo walikimbilia Tanzania. Wazee waliobeba majina ya zamani walizeekea Katumba, Ulyankulu na Mishamo, mbali na maji ambayo majina hayo yalitokana nayo. Waliorudi miongo kadhaa baadaye walikuta mashamba yana wenyewe wengine, na mabishano ya mipaka yakachukua nafasi ya mazungumzo mengine.

Kutoka daftarini hadi mstari wa kuanzia

Ingekuwa rahisi kusema kwamba haya ni mambo ya zamani, na kwamba mshindi ni mshindi hata asipoandikwa. Historia ya michezo ya Burundi inaonyesha vinginevyo.

Kanuni na vyama vilivyoanza katikati ya karne ya 19 vilikuwa, kufikia mwisho wa karne ya 20, lango ambalo kila mwanamichezo wa kimataifa lazima alipitie. Ili kushiriki Olimpiki haikutosha kukimbia kwa kasi. Nchi ilipaswa kuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa. Mkimbiaji Dieudonné Kwizera alikuwa na kasi ya kutosha kushiriki Seoul mwaka 1988 na Barcelona mwaka 1992. Hakushiriki, kwa sababu Burundi haikuwa na kamati iliyotambuliwa. Miguu yake ilikuwapo, lakini jina lake halikuwa na ukurasa wa kuandikwa.

Kamati ilitambuliwa mwaka 1993, na mwaka 1996 Burundi ikapeleka timu yake ya kwanza Atlanta. Kwizera alikwenda kama kocha. Nyota wa timu alikuwa Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, kusini mwa nchi, mmoja wa wakimbiaji bora wa mita 1,500 duniani. Niyongabo aliiachia nafasi yake katika mbio hizo ili Kwizera, baada ya kusubiri miaka minane, apate kuvaa namba kifuani. Yeye mwenyewe akahamia mita 5,000, mbio ambazo alikuwa na uzoefu mdogo nazo.

Kwizera hakuvuka hatua ya mchujo. Tarehe 3 Agosti 1996, Niyongabo alishinda mita 5,000 kwa dakika 13, sekunde 7 na nukta 96, mbele ya Mkenya Paul Bitok, na kuipa Burundi medali ya dhahabu katika Olimpiki yake ya kwanza, nchi ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Miaka 20 baadaye, Francine Niyonsaba aliongeza ya fedha katika mita 800 mjini Rio de Janeiro.

Katika kumbukumbu za Olimpiki, jina la Kwizera limo. Hakuna medali mbele yake, ila limo: aliyekuwapo, nchi yake, mbio alizokimbia. Niyongabo alielewa thamani ya mstari huo mmoja wa maandishi kiasi cha kutoa mbio zake bora kwa ajili yake.

Ufuo wa leo

Rumonge ya leo ni mji wa michikichi, samaki na biashara, kusini mwa Bujumbura, ambako Kirundi na Kiswahili husikika katika soko moja. Usiku, taa za wavuvi wa ndagala huwaka ziwani. Injini zimechukua nafasi ya makafi katika vyombo vingi, ingawa mtumbwi mdogo wa mvuvi wa peke yake bado huendeshwa kwa mikono miwili na macho yanayotazama mbele.

Wapiga kafi wa Aprili 1858 hawawezi tena kuingizwa katika orodha. Majina yao yamekwenda na waliowajua. Yanayobaki ni mambo ambayo Burton aliyaandika bila kukusudia kuwasifu: kwamba walikuwa makumi, kwamba waliimba tangu asubuhi hadi jioni, kwamba walijua wapi pa kuvuka na wapi pa kugeuzia, na kwamba waliwarudisha abiria wao wakiwa hai.

Kwa walio hai, kazi ni ndogo zaidi. Bingwa wa igisoro wa mtaa, muogeleaji anayetangulia kufika kwenye boya, kijana anayewabwaga wenzake mchangani siku ya sikukuu: kila mmoja ana jina ambalo jirani zake wanalijua leo. Daftari la shule, kalamu na tarehe vinatosha kulihifadhi. Sheffield ilianza na vifaa hivyohivyo.